Alama Kwenye Mshale wa Baba Yako

Kyalo mwanangu,

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka masikioni tangu ulipokuwa mtoto mdogo: kisu kidogo kikikwangua ufito wa mshale. Si sauti kubwa. Mtu aliyeketi hatua kumi kutoka pale asingeisikia. Kwaru, kisha kimya, baba yako akiupuliza unga wa mti, kisha kwaru tena. Alikuwa akikata alama yake: pete tatu zilizokaribiana, na chini yake mikato miwili ya mshazari, kama mguu wa ndege. Wewe ulikuwa ukipata usingizi kwa sauti hiyo. Mimi nilikuwa nikitulia, maana ilikuwa na maana kwamba yuko nyumbani.

Nakuandikia mchana, wewe ukiwa na mbuzi kule mtoni kwa mara ya mwisho. Kesho alfajiri unakwenda Emali kupanda gari la moshi, na baada ya hapo utakuwa mtoto wa bweni. Watu wengine watakufundisha namna ya kukunja blanketi na saa ya kuoga. Sitayarudia hayo. Barua hii nitakupa mkononi ukirudi, uisome kungali mwanga.

Jana nilikuwa nikipanga sanduku lako, nikakuta chini ya blanketi mshale mmoja wa baba yako, umeukata ufito ili utoshe. Kichwa chake bado kimefungwa kwa ile ngozi nyembamba ya mwanambuzi inayozuia sumu isikauke. Sikukuuliza ni wa kazi gani. Njia ya Emali inapita mbele ya mlango wa Musembi, nawe tangu ulipokuwa na miaka sita umeambiwa kwamba Musembi ndiye aliyemuuza baba yako kwa serikali. Hukuambiwa na mimi. Lakini ulikuwa ukiambiwa mbele yangu, nami nikiendelea kupepeta mtama.

Musembi hakumuuza baba yako. Nitakuambia ni nani, lakini sharti nianzie mbali kidogo, la sivyo utalibeba jina tu bila kuelewa.

Ulizaliwa njiani, tukihama kutoka Mbooni. Babu yako Kilonzo alikuwa na wana sita na mteremko mmoja. Udongo ulikuwa umekwenda na maji, na pale alipolima baba yake pamebaki mawe na makorongo. Akawaambia wana wadogo washuke huku chini ya mlima Nzaui, ambako pori lilikuwa halijaguswa. Watu walilikataa kwa sababu ya mbung'o na wanyama. Sisi tulilichukua kwa sababu hatukuwa na pengine.

Katika kipande chetu palikuwa na njia pana, ngumu kama sakafu, imenyooka kutoka vichakani hadi kwenye maji. Nilipendezwa nayo. Nilisema hapa hapana visiki vya kung'oa, na baba yako akasema basi tuanzie hapo. Musembi, jirani yetu wa kwanza, alikuja kutuamkia, akasimama akiegemea jembe.

"Hiyo njia ina mwenyewe," alisema.

"Nani?"

"Kifaru."

"Atahama," baba yako akasema.

"Kifaru? Mutuku, wewe utahama kabla yake."

Walicheka wote wawili. Mimi pia nilicheka, nikiwa nimekushika wewe.

Ujue vizuri hawa walikuwa watu wa namna gani, kwa sababu watu wamewageuza. Musembi ndiye aliyekuwa mtoto wa mwindaji. Baba yake alifuata ndovu maisha yake yote, na ndovu ndiye aliyemmaliza. Musembi alijua kupika sumu, alijua kusoma kinyesi na majani yaliyovunjika, na hakutaka lolote katika hayo. Alitaka mbaazi. Alikuwa akitembea kati ya mistari ya mbaazi zake jioni kama mtu anayekagua ng'ombe. Baba yako naye alikuwa mtu wa mizinga ya nyuki. Kuku akitakiwa kuchinjwa, alikuwa akikumbuka ghafla kwamba mizinga yake haijaangaliwa.

Mwaka wa kwanza kifaru alipita katikati ya mawele yetu kana kwamba hayapo. Mwaka wa pili alipita na mtoto wake. Baba yako alikwenda mara mbili kupeleka taarifa kwa hedimani, mkuu wetu aliyewekwa na serikali, akajibiwa tuwashe moto na tupige madebe. Tulipiga madebe miaka miwili, mpaka mikono ikavimba. Kifaru aliyazoea.

Hapo ndipo baba yako alipomwendea Musembi amfundishe upinde. Musembi alikataa, akakataa tena, mwisho akakubali kwa mnyama mmoja tu, huyo wa njia yetu. Alimpa sumu aliyoipika mwenyewe, akamwonyesha namna ya kuifunga kwa ngozi, kisha akampa kisu.

"Kata alama yako. Mshale usio na alama ni wa mwizi. Wenye alama ni wa mtu mwenye nyumba."

Ndivyo ilivyo kwetu, nawe unajua: mnyama ni wa yule ambaye mshale wake ulitangulia, na alama ndiyo shahidi. Baba yako alikaa siku nzima akitafuta alama isiyofanana na ya mtu mwingine. Alikuja kuniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesoma misheni na nilikuwa nikifundisha watoto kuandika. Mguu wa ndege niliuchagua mimi.

Kifaru yule alianguka ndani ya mawele yetu wenyewe. Watu walikula, wakaimba jina la baba yako. Pembe tuliificha darini. Musembi alisema izikwe. Huenda ingezikwa, lakini msimu uliofuata nzige walipita, na mvua iliyokuja baada yao haikufika kifundoni. Wewe ulikuwa na miaka mitano, na nywele zako zilianza kuwa nyekundu kwa njaa. Baba yako aliifunga pembe ndani ya mzigo wa kuni akaenda nayo Emali. Alirudi na unga, na kitambaa changu, na kofia ya sufu ambayo hukutaka kuivua.

Hakurudi mtu mbaya. Alirudi mtu mwepesi. Nilikuwa nimemwona miaka mingi akiinama, na sasa alikuwa ameinuka. Kodi ililipwa. Ndugu zake waliomcheka kwa kuhamia porini walikuja kumtembelea. Nakuambia haya ili usije ukamsikia mtu yeyote, shuleni au kwingine, akisema kwamba watu wetu huwinda kwa sababu damu yao ndiyo ilivyo. Nilimwona mtu mmoja akiwa mwindaji, hatua kwa hatua, na katika kila hatua nilikuwepo, na unga niliupika.

Kisha akaanza kwenda mbali. Siku mbili, siku tatu, mahali ambapo hapana shamba la mtu. Jembe likawa langu peke yangu. Siku moja alirudi na pembe nyingine, nikamwuliza:

"Na huyu alikula mawele ya nani?"

"Mwalimu, kaa chini kwanza."

"Nimekuuliza. Ya nani?"

"Bado hakuwa amekula. Angekuja kula." Alicheka, akanigusa bega. "Wewe umeshiba, ndiyo maana una maswali."

Lilikuwa neno la mzaha. Lakini sikuzungumza naye siku nne. Nilikuwa nikisema moyoni, laiti apatikane mtu wa kumzuia. Shika maneno hayo, kwa sababu nami sijaweza kuyaachilia.

Alitaka waende pamoja na Musembi safari iliyofuata. Musembi alikataa, alikuwa akipalilia. Walijibizana kwa sauti mbele ya watu. Baba yako akaenda peke yake, akampiga kifaru mmoja upande wa Emali, lakini mnyama akakimbia na mshale, akafia mahali ambapo askari walimfikia kabla ya baba yako, mshale ukiwa bado mwilini.

Siku kadhaa baadaye nilikuwa darasani na wale watoto wadogo, nikaitwa kwa hedimani. Mzungu wa serikali anayesimamia wanyama wa porini, yule ambaye watu walimwita Bwana Nyama, alikuwa amefika, na mkalimani wake alikuwa mgonjwa. Nilikuwa mtu pekee wa huku aliyejua Kiingereza kidogo. Nilivaa gauni langu la Jumapili.

Nilidhani nitakuta mtu wa kufoka. Alikuwa mpole, amevaa miwani, ananiita Mama. Aliwauliza wazee maswali mengi kuhusu desturi, nami nikatafsiri. Alitaka kujua kama wawindaji wana ukoo wao. Alitaka kujua baba humrithisha mwana upinde au la. Wazee walijibu vibaya, kwa woga, naye akawa anaandika tu kwamba ndivyo watu hawa walivyozaliwa. Niliudhika. Nikaanza kumweleza mwenyewe, mambo ambayo hakuna aliyekuwa ameulizwa: kwamba tumehama, kwamba ardhi ya juu imekwisha, kwamba wengi walioshika upinde walikuwa wakulima. Aliniangalia kwa makini. Tangu niolewe hakuna mtu aliyekuwa ameniangalia hivyo nikieleza jambo.

Kisha akauliza mshale hujulikanaje kuwa ni wa nani. Wazee walinyamaza wote. Nilikiona kimya kile. Nikakidhania kuwa ni ujinga wa kushindwa kueleza.

Nilimwambia kila mwenye nyumba ana alama, kama vile yeye anavyotia sahihi. Akanisogezea daftari na kalamu. Nilichora alama ya marehemu baba yangu. Nilichora ya mjomba wangu aliyekwisha kufa. Ukurasa ulikuwa na nafasi, na nilitaka mfano mzuri, mmoja ulio safi. Nikachora pete tatu na mguu wa ndege. Niliuchora vizuri kuliko zote.

"Na hii ni ya nani?"

"Ya mume wangu," nikasema.

Askari aliyekuwa nyuma yake alitazama chini. Bwana Nyama akavua miwani, kisha akamwambia askari afungue mzigo wa gunia. Mshale ulikuwa ndani.

"Asante, Mama," alisema. "Umenisaidia sana."

Ndiyo hivyo, Kyalo. Aliyemtoa baba yako ni mimi.

Nimejiuliza kama mkono wangu ulijua. Nakupa jibu ninalolipata kila mara: sijui. Sikujua kwamba mshale uko ndani ya gunia. Hilo ni kweli. Lakini siku chache kabla nilikuwa nimeomba azuiwe, na wazee wale ambao hawajui kusoma walikuwa wameelewa swali, na mimi niliyesoma sikuelewa. Mtu anaweza kuficha jambo hata kwake mwenyewe, hasa akiwa na akili ya kujisifia.

Walimkamata jioni ile ile. Unaikumbuka, najua, ingawa husemi. Baba yako aliuliza nani amewaambia. Askari akamjibu, "Mtu anayekujua." Musembi alikuwa amesimama njiani na jembe lake, ametoka kupalilia. Baba yako alimtazama. Watu wote wakafuata macho ya baba yako. Nilikuwa hatua tatu kutoka pale, na kinywa changu kilikuwa na maneno, nikayameza. Wazee waliokuwa kwa hedimani waliniona nikiyameza, nao wakaniacha. Waliogopa kwamba wakisema lililotokea wataulizwa na wao walijua nini.

Alifia jela wakati wa baridi, kwa kifua. Mtu aliyefunguliwa alituletea salamu zake: "Mwambie Mwalimu amtunze mtoto, na asimwamini Musembi." Nilipokea salamu hizo. Nilimpa mleta salamu maziwa.

Nililofanya baadaye ni baya kuliko kuchora. Musembi aliwaita wazee, akasema yuko tayari kula kiapo, kile cha zamani ambacho mwongo akikila hufa. Kingemsafisha mbele ya kila mtu. Kilonzo babu yako, ambaye kwa wakati huo alikuwa amehamia huku kwetu, alikuwa amekubali. Ndipo niliposimama, mjane mwenye mtoto, nikasema sisi watu wa misheni hatutaki kiapo cha kishenzi juu ya jina la marehemu, jambo hili tumwachie Mungu. Watu walinisifu kwa huruma yangu. Musembi alinitazama kama mtu aliyenyang'anywa kata ya maji. Nilijua kiapo kile kingewafanya watu waulize: basi kama si yeye, nani?

Tangu siku hiyo Musembi akiita mwethya, watu waje kulima naye kwa pamoja, hakuna aliyekwenda. Unajua mkulima asiye na watu wa kumsaidia ni nini. Mikono miwili haiwezi kuyatangulia magugu. Msimu mmoja alipata nusu, uliofuata hakupata. Mkewe akarudi kwao. Vichaka vikaingia kutoka pembeni, mwaka hadi mwaka, mpaka pale palipokuwa na mbaazi pakawa pori, na kifaru mwingine akarudi kwenye njia ile. Siku hizi njia hiyo inapita katikati ya shamba la Musembi. Yeye akautungua upinde wa baba yake ukutani. Wewe uliniambia mwezi uliopita, "Si unaona, mwaitu, ni mwizi wa pembe, alikuwa hivyo toka mwanzo." Toka mwanzo alikuwa mtu wa mbaazi. Tulimfanya sisi, na kati yetu sisi nilikuwa wa kwanza.

Kila akikuona njiani hukuamkia, "Wakya, mwana wa Mutuku?" Nawe hutema mate ukapita. Miaka mitano hajaacha kukuamkia.

Leo asubuhi, ulipokwisha kutoka na mbuzi, niliufunga ule mshale kwenye kanga nikaenda kwake. Alikuwa akikausha nyama juu ya miiba. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kama nilivyokuandikia hapa, na alama nikaichora tena chini kwa kidole ili asiweze kudhani nasema kwa mafumbo.

Aligeuza vipande vya nyama kimoja kimoja. Kisha akasema, "Unajua mwaka ule nilivuna magunia mangapi ya mbaazi?"

"Sijui."

"Hata mimi nimesahau."

Nilimpa mshale. Aliifungua ngozi polepole, akainusa sumu aliyoipika mwenyewe.

"Hii bado inaua," alisema. "Ulikuwa wapi?"

"Ndani ya sanduku la Kyalo."

Alielewa. Hakuniuliza ulikuwa wa kumpiga nani. Aliutia motoni, tukakaa tukiutazama hadi ukawa chuma kitupu.

"Sasa unataka nini kwangu?"

"Nataka kesho umpeleke Emali."

Alicheka, bila furaha. "Unanipa mtoto anayetaka kuniua nimpitishe porini. Mwalimu, wewe shule haikukufunza kitu."

"Haikunifunza hili."

"Na akinitemea mate?"

"Atakuwa amesoma. Nitamwandikia yote."

Alifikiri. "Basi aitikie salamu yangu mbele ya watu wa stesheni. Sitaki kingine kwake. Kwako wewe nitafikiri."

Nilipotoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa babu yako, nikamwambia mbele ya ndugu zake wawili. Hakunipigia kelele. Alisema tu wataketi Jumamosi, na kwamba nisiguse mtama wa ghalani. Sijui kama ukirudi likizo utanikuta katika nyumba hii. Nikitolewa, nitakuandikia niko wapi. Vyovyote watakavyoamua, msimu huu nitalima kwa Musembi. Magugu ya pembezoni nimeshaanza, na ndiyo maana utaona mikono yangu ina miiba nikikupa barua hii.

Ukitaka kunichukia, fanya hivyo. Nitakuelewa zaidi ya nilivyoweza kuelewa ulipokuwa ukimchukia yeye. Ninachoomba ni kwamba chuki yako, kama ni ya kweli, ije mahali pake.

Halafu usianze kulitafuta sanduku lako jioni hii ukidhani limeibwa. Nimelibeba kichwani mwenyewe saa sita. Liko kwa Musembi, na kesho alfajiri utakwenda kulichukua mlangoni kwake.

Mama yako